Rafu ya Kandambili

Ukiingia sebuleni kwa Madamu, kitu cha kwanza unachokiona si picha ya harusi wala saa ya ukutani. Unaona kandambili. Zimesimamishwa wima kwenye rafu ya juu kabisa, katikati ya vitabu, moja ya bluu, moja ya kijani, moja iliyokatika kamba, moja ya kiume kubwa kama mtumbwi. Hakuna hata moja yenye mwenzake. Mgeni akiziona kwanza huangalia miguu yake, halafu huangalia mlango.

Nimemjua tangu nikiwa mfupi kuliko friji lake. Sitaeleza alizaliwa wapi na baba yake alikuwa nani. Hayo yataandikwa na watu wenye heshima. Mimi najua aliyoyafanya hapa Mtawanya, nyumba ya tatu kutoka kwetu, baada ya kustaafu kufundisha Kiswahili. Wakubwa walimwita Mwalimu. Sisi tulimwita Madamu akiwa anatusikia, na Kiambishi akiwa hatusikii.

Jina hilo alijipa mwenyewe bila kujua. Ukimwambia kitu, hakisikilizi, anakipasua katikati kama korosho kutafuta kile kiambishi cha ndani. Kuna fundi aliyemwahidi kuziba paa. Kila siku anapita na baiskeli, anapunga mkono: "Nitakuja kesho, Mwalimu!" Siku moja Madamu akamsimamisha barabarani mbele ya watu.

"Fundi, wewe huna -ta-. Acha kuitumia, si ya kwako."

"Sasa nina nini, Mwalimu?"

"Una -nge-. Sema, 'Ningekuja kesho.' Hapo tutaelewana."

Fundi akacheka mpaka akashuka kwenye baiskeli. Hakuja kesho yake pia. Mvua ziliponyesha Madamu akahamisha vitabu, akaacha kitanda kilowe.

Kandambili nazo zilianzia kwenye kiambishi. Jumapili redio ya jirani hupiga nyimbo za zamani, zile zinazoitwa zilipendwa. Madamu hakuwa na ugomvi na nyimbo. Alikuwa na ugomvi na neno. "Zi-li-pendwa," anasema, akilikata hewani kwa kisu cha mezani. "Zilipendwa na nani? Na zimekosa nini hadi mapenzi yakaisha? Mtu akikuambia 'nilikupenda', utafurahi?"

Basi akazigawa riwaya zake kwa viambishi, na maandishi ya chaki yalikuwa bado kwenye mbao mara ya mwisho nilipozitazama. Rafu ya chini: ZILIPENDWA. Humo mlikuwa na vitabu ambavyo kila mtu anavisifu na hakuna anayevifungua, pamoja na mende wa kutosha kuunda kijiji. Rafu ya kati: ZINAPENDWA. Hivi vya mapenzi, vya wapelelezi, vya wachawi waliovaa suti, vinavyosomwa leo mpaka jalada linatoka. Rafu ya juu: ZITAPENDWA. Hiyo ndiyo iliyokuwa roho yake. Waandishi walio hai, wengine vijana, ambao yeye aliamini kwamba sisi tukishakuwa wazee wenye mikongojo watoto watakuwa bado wanawasoma.

Majina ya vitabu hakuyataja kamwe. Kila riwaya aliiita kwa kitu kimoja kilichomo ndani. Ile ya kisima. Ile ya mke wa dereva wa lori. Ile ya jino, iliyoandikwa na daktari wa meno wa huko Tanga ambaye, kwa mujibu wa Madamu, anaandika kama anavyong'oa: anakuchekesha huku amekushika taya. Waandishi nao hivyo hivyo. "Yule mama wa sentensi ndefu." "Yule kijana anayechukia nukta." Nilimwuliza kwa nini hasemi jina, akaniambia, "Kitu kikiganda kichwani, kitabu kimeingia. Jina la kitabu hata mwenye duka analijua."

Sasa kandambili. Kila kitabu cha rafu ya kati alikiazimisha kwa vitisho. Ukichelewa, anakuja mpaka kwenu, anakutangaza kwa mama yako na kwa wapangaji wote. Lakini vya rafu ya juu aliviazimisha kwa upole wa kutia wasiwasi. Hakuandika popote nani kachukua nini. Hakuuliza utarudisha lini. Anakupa, anakusindikiza mpaka mlangoni, halafu anakaa anaomba Mungu usirudishe.

Ndiyo, usirudishe. Huo ndio uliokuwa mtihani wake. Kitabu kikirudi upesi na kikiwa kisafi, kimefeli. Kikirudi na madoa ya mchuzi, kina matumaini. Kisiporudi kabisa, kikapotelea kwa watu, kimefaulu, na mahali pake anasimamisha kandambili moja ya kuokota ili vile vya pembeni visianguke. Muuguzi mmoja aliyehamishiwa Newala aliondoka na ile ya kisima. Mlinzi wa zamu kule Msimbati aliondoka na ile ya mke wa dereva, na baadaye tukasikia imeonekana kwa mlinzi mwingine. Madamu alisherehekea kwa soda. Mimi nilikunywa nusu.

"Kwa hiyo, Madamu," nikamwambia, "mwizi ndiye mhakiki wako?"

"Mhakiki ana kalamu. Mwizi ana hamu. Nani mkweli?"

Alikuja mwalimu wetu wa Fasihi siku moja, kijana mwenye tai, tunamwita Sir. Alikuwa anatafuta kitabu cha mtihani. Akaziona kandambili, akakohoa, akasema kwamba riwaya haiwezi kuitwa kubwa mpaka mwandishi afe na vizazi viwili vipite. Hizi za sasa, akasema, ni chipsi mayai.

"Na wewe chipsi mayai umekula lini?" Madamu akamwuliza.

Sir akatazama tai yake. Ilikuwa na doa la mafuta. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni na barafu ya ubuyu mdomoni, ikaniponyoka.

"Kijana wangu," Madamu akaendelea, "hao waliokufa nao walikuwa wa sasa. Kuna mtu aliwasoma wakiwa hai, wakiwa hawana jina, akasema huyu hapana, huyu asipotee. Huyo mtu hamumtaji kwenye mtihani."

Kuhusu mtihani alikuwa mkali kweli. Alisema kitabu kikishaingizwa kwenye mtihani kinanywewa kama dawa ya minyoo. Na mimi ni shahidi. Darasani kwetu kuna watu wanaojua dhamira, migogoro na wahusika bapa wa kitabu ambacho hawajawahi kuona hata rangi ya jalada lake. Mimi mmojawapo. Nilipata alama nzuri sana kwenye kitabu fulani na mpaka leo sijui mwisho wake walioana au walizikana.

Lakini usidhani alikuwa malaika wa fasihi. Alikuwa anakunja ncha za kurasa. Alikuwa anakula samaki juu ya kitabu. Mwandishi akianza kuelezea mwezi, anaruka: "Mwezi naujua, uko juu." Alitukataza kusoma upuuzi wa kwenye simu, na yeye mwenyewe alikuwa kwenye kundi la hadithi za simu, zile zinazoletwa kipande kipande na kuishia mtu ameshika kitasa cha mlango. Mwandishi wa kundi hilo akapotea ghafla, kitasa kimeshikwa, hakuna anayejua nani yuko nje. Madamu akamwandikia ujumbe mrefu wa matusi yenye sarufi safi.

Kubwa kuliko yote, hakuwa anamaliza riwaya anazozipenda. Sura ya mwisho anaiacha. Nilipogundua nilifurahi kama nimemkamata anaiba maembe.

"Madamu! Unapigania kitabu na mwisho wake hujui?"

"Nikimaliza wataondoka," akasema.

"Kina nani?"

Akafungua friji kunitafutia barafu.

Hapo kwenye friji niseme kidogo. Ndani yake palikuwa padogo kuliko begi langu la shule, lakini alikuwa akitafuta barafu humo kama mtu aliyeangusha pete chooni. Anahamisha hiki, anauliza mama hajambo. Anahamisha kile, anauliza Hisabati inaendaje. Barafu iko mbele ya pua yake. Nilikuwa namcheka mtaani, naigiza jinsi anavyoinama, na kila mtu anacheka. Ilinichukua muda kuelewa kwamba ukishapewa barafu unaondoka, na yeye alikuwa anajua hilo kabla yangu.

Sebuleni kulikuwa na viti viwili, kimoja kina mto uliobonyea na kingine kina mto mpya kabisa. Televisheni huwaka bila sauti. Binti yake, yuko Dodoma, alipiga simu kila Jumapili, na baada ya simu Madamu alikaa na ile simu mkononi mpaka taa yake inazima. Na ndipo nilipoanza kupiga hesabu ambayo Sir hakutufundisha. Kitabu kikirudi, mtu naye anarudi. Anakaa kwenye kile kiti chenye mto mpya, anasema kimenichosha, anabishana, anakula barafu. Kitabu kisiporudi, mtu harudi. Yule muuguzi hakuwahi kuja tena. Yule mlinzi hata salamu. Kila kandambili pale juu ni mtu aliyekuwa akigonga mlango, akaacha. Kila kitabu kilipofaulu, Madamu alipungukiwa mtu mmoja.

Nilimwambia hivyo, kwa utani. Sikutegemea jibu.

"Wewe," akasema taratibu, "siku hizi unaanza kusoma."

Katika rafu nzima kulikuwa na riwaya moja aliyoipenda kuliko zote, nayo ilikuwa inafeli kila mara. Ile ya sahani. Karatasi zake nyepesi, jalada limechorwa vibaya, mwandishi ni kijana wa kusini huku ambaye hatukumwona hata kwenye kalenda. Inamhusu mwanamke kwenye kijiji kando ya mto. Mume wake alivuka kwenda kulima ng'ambo, hakurudi. Yeye kila siku anampakulia. Na kila sura anakuja mtu mwingine, jirani, mdai, mchawi, mtoto mwenye njaa, anaikalia ile sahani, anakula, anaongea, anaondoka. Basi. Hakuna bastola.

Madamu aliiazimisha kwa kila mtu. Kila mara ilirudi baada ya siku chache, safi kama imetoka dukani. "Nzuri," watu walisema, wakiangalia pembeni. Mimi mwenyewe niliirudisha nikamwambia kwamba imenipa njaa. Alicheka, lakini alipoirudisha juu aliisukuma kwa kidole, polepole, mpaka ikagusa ukuta.

Mwaka huu macho yake yalizibwa na ukungu. Binti akasema inatosha, anakuja kumchukua akatibiwe Dodoma, na akae huko huko. Madamu alinipa habari hiyo kama anatangaza bei ya nyanya. Halafu akapapasa rafu ya juu, akaitoa ile ya sahani.

"Unakwenda likizo kwa bibi yako?"

"Mahurunga, ndiyo."

"Nenda nayo."

"Madamu, nilishaisoma. Nusu."

"Nenda nayo. Nataka nijue kabla sijaondoka. Kama nilikosea, nilikosea. Lakini nijue."

Mimi ambaye huwa na la kusema hata msibani nikaitia tu kwenye begi.

Bibi yangu ni mtu wa ng'ambo ya mto. Alivuka Ruvuma akiwa msichana, wakati wa vita vya kule, ndugu zake wengine wakabaki upande ule. Kiswahili anakijua kwa kukilazimisha, na Kimakonde chake kinachungulia katika kila neno. Kusoma hajui. Kwake hakuna mahali pa kuchaji simu isipokuwa dukani, na duka lenyewe linafungwa mwenye duka akisikia usingizi. Siku ya pili simu ikazima. Bibi anamenya mihogo, mimi natazama kuku. Nikachoka hata kuwatazama kuku. Nikafungua kile kitabu, nikaanza kumsomea kwa sauti, kwa kumchokoza.

"Huyo nwanamke njinga," bibi akasema kabla sijamaliza sura ya kwanza. "Ntu kaondoka, sahani ya nini?"

"Simjui, bibi, siyo shangazi yangu."

"Nwambie asipakue!"

"Kitabu hakisikii."

"Basi soma."

Kesho yake, kabla ya salamu, akauliza, "Leo nani kala?" Nikasoma ya mdai. Bibi akamtukana mdai kwa Kimakonde, matusi ambayo mama amenikataza kuyajua. Keshokutwa akataka ile ya mtoto mwenye njaa irudiwe. Akaanza kubishana na yule mwanamke kama wanagombania ndoo kisimani: mboga ile ingewekwa chumvi kidogo, mlango ule usingefunguliwa, mchawi angepewa makombo.

Jioni moja akapika ming'oko, ile mizizi ya porini, na samaki, akapakua sahani tatu. Tulikuwa wawili. Nikanyoosha mkono kwenye ya tatu, nikapigwa kofi kwenye vidole.

"Iache hiyo."

"Ya nani, bibi?"

Alikuwa anatazama upande wa mto, ambako hakuna unachokiona isipokuwa matete. Samaki akapoa. Halafu akapita jirani, mama mmoja mpole anayeishi peke yake nyuma ya shamba, akapiga hodi kuomba moto. Bibi akamwangalia, akaiangalia sahani.

"Kaa," akasema. "Kula. Kuna ntoto anasoma hapa."

Yule mama akakaa. Kesho yake akaja bila kuhitaji moto. Baadaye akaja na dada yake. Sahani ya tatu haikuwahi kulala na chakula tena, na mimi sauti ikanikauka kama muadhini.

Siku ya kuondoka ilikuwa imebaki sura moja. Nikafungasha, nikatafuta kitabu, hakipo. Kumbe bibi amekikalia. Namaanisha hivyo hivyo, amekikalia kwenye kigoda, khanga imekifunika.

"Bibi, hicho cha watu."

"Wewe unakwenda?"

"Nakwenda, gari linanisubiri."

"Chenyewe kinabaki. Ukikitaka, njoo unisomee hapa."

"Bibi, wewe hujui kusoma!"

"Wewe unajua. Kwa hiyo utakuja."

Gari likapiga honi. Nikamwangalia bibi, nikafikiria kumnyanyua. Ni mzito kuliko anavyoonekana.

Nilifika kwa Madamu nikiwa na vumbi la njia nzima. Binti yake alikuwa anafunga vitabu kwenye maboksi ya sabuni. Rafu ya chini tupu, mende wamehamia kusikojulikana. Ya kati tupu. Ya juu haijaguswa. Kandambili zimesimama, na katikati yao kuna upenyo mwembamba wa ile ya sahani, ambao Madamu hakuuziba kwa chochote, vitabu vya pembeni vimeanza kuegemeana. Alikuwa amekaa kwenye kiti chenye mto mpya, uso mlangoni.

"Nani?"

"Mimi, Madamu. Mzuri kuliko wote."

"Kaa. Kimerudi?"

Njia nzima nilikuwa nimepanga namna ya kumtania. Nimwambie kimeliwa na mbuzi, au kimetumika kuwashia jiko. Nilipomwona anavyoyakaza yale macho kutafuta mikono yangu, aone kama imebeba kitu, mpango ukaisha.

"Hakikurudi, Madamu."

Akauliza, ndiye yule yule hata kama nyumba inafungwa:

"Haki-ku-rudi, au haki-ja-rudi?"

Nikafikiria. Ni mara ya kwanza katika maisha yangu nimefikiria kiambishi bila kiboko. Kama hakikurudi, yamekwisha, kimefaulu kama vingine, asimamishe kandambili, na aliyekichukua asahaulike.

"Hakijarudi," nikasema. Nikamsimulia yote: mihogo, mdai, sahani ya tatu, mama wa kuomba moto, bibi juu ya kigoda. "Amekishika mpaka nirudi kumsomea sura ya mwisho. Na mimi nimerudi kukwambia. Kitabu kiko kule, watu ndio wanaorudi."

Madamu alicheka mpaka machozi yakatoka, akayafuta kwa ncha ya khanga, akacheka tena, na mara hii sikuwa na uhakika kama ni kicheko.

"Nilidhani kikipendwa kinakupokonya mtu," akasema.

"Bibi anasema nikifika nilale siku mbili. Eti sura ya mwisho haisomwi kwa haraka."

"Mjanja huyo. Atakuwa anatafuta barafu."

Nikacheka. Ina maana alikuwa anajua tunavyomwigiza, miaka yote hiyo.

Aliinuka, akapapasa mpaka kwenye rafu, akaushika ule upenyo kwa vidole viwili. Akainama. Akavua kandambili ya mguu wake wa kulia, ya pinki, kisigino kimelika, akaisimamisha pale. Vitabu vya pembeni vikanyooka.

"Rafu hii ni ya kwako," akaniambia. "Mama yako akitaka kuvitupa viatu, mwambie hivyo ni fasihi."

Gari lilikuwa limewashwa. Nilimshika mkono tukatoka, mguu mmoja na kandambili, mwingine kwenye mchanga wa moto, naye anatembea kama hakuna kilichopungua. Binti akashusha macho, akashangaa.

"Mama! Kandambili nyingine iko wapi? Umeipoteza?"

Madamu akasimama kwenye mlango wa gari, akageuza uso kule alikodhani nimesimama. Alikosea kidogo, alikuwa anautazama mlango wa nyumba yake.

"Si-ja-ipoteza," akasema.